Wazee Nao Wapate Njia Mlimani

Ukitaka kujua kilima hiki ni cha nani, amka saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi, utembee kutoka mabwenini mpaka Utawala. Saa hiyo wengi wetu bado tumejifunika shuka. Barabarani kuna watu wa aina mbili: vijana wanaokimbia huku wameziba masikio kwa muziki, na wazee wanaotembea. Mmoja ana fimbo. Mwingine kajifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi. Wawili wanatembea pamoja wakipiga soga za mafao na wajukuu. Wote wamejibana pembeni mwa lami, na bodaboda ikija wanasimama, wanapisha, ndipo wanaanza tena kuutafuta mwendo wao.

Hoja yangu ni fupi. Chuo chenye miti kama chetu, kilichokaa juu ya kilima chenye upepo, kinapaswa kuwa na njia chache za miguu ndani ya miti ambazo mtu wa miaka 70 anaweza kuzimaliza bila woga. Na wa kulianzisha jambo hili ni sisi wanafunzi, kupitia DARUSO, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Najua mwenzangu utauliza: yaani bumu linachelewa, chumba kimoja tumelala kama dagaa, halafu wewe unatuletea habari za wazee kutembea? Subiri. Nitafika huko.

Kwanza, wazee gani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kwa kipimo hicho, wazee wa Mlimani ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wastaafu waliofundisha hapa nusu ya maisha yao na sasa wanaishi Changanyikeni, Makongo au Msewe. Wapo mama na baba zetu wa usafi na bustani wanaokaribia kustaafu. Wapo majirani ambao hawakuwahi kukaa darasani hapa, lakini wamekizoea kilima hiki kuliko sisi wa miaka mitatu au minne. Na siku ya mahafali wapo bibi na babu zetu waliopanda basi kutoka Songea, Bukoba au Lushoto, wamevaa viatu vipya vinavyobana, na sisi tunawakimbiza huku na huko tukitafuta pa kupigia picha mbele ya Nkrumah.

Halafu wapo wahitimu. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 pale Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia hapa Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Aliyekuwa na miaka 22 siku hiyo alizaliwa 1948. Piga hesabu mwenyewe. Wale tunaowaona kwenye picha za zamani wakiwa na afro na suruali pana ndio hao hao wazee wa leo. Walipanda kilima hiki mbiombio kama sisi. Magoti ndiyo yamebadilika.

Kwa nini kutembea?

Kwa sababu ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote, na haitaki kadi ya bima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima, pamoja na aliyevuka miaka 65, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kidogo kunahesabika. Kwa wazee linaongeza jambo jingine: angalau siku tatu kwa wiki wafanye mazoezi yanayojenga nguvu na uwiano wa mwili, ili wasianguke. Kuanguka si jambo dogo. Duniani, miongoni mwa vifo vya ajali, kuanguka kunashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu wa miaka 60 na kuendelea. Kijana akiteleza anacheka na kujikung'uta. Mzee akiteleza anaweza kuvunjika nyonga, na baada ya hapo asitoke tena nje ya geti la nyumba yake.

Wengi tumeaminishwa kwamba lazima ufikishe hatua 10,000 kwa siku, la sivyo umepoteza muda. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilitoka Japani katika miaka ya 1960, kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua ambacho jina lake lilikuwa na maana ya hatua elfu kumi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa takribani asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba hatua peke yake ndizo zilizookoa maisha, kwa kuwa mwenye afya naye hutembea zaidi. Hata hivyo unatupa kipimo cha kufanyia kazi.

Angalia tofauti kati ya makundi hayo mawili: hatua 1,700. Kwa mwendo wa mzee, hiyo ni kilomita moja hivi. Kwa hiyo tunazungumzia njia ya mzunguko ya kilomita moja chini ya miti, ambayo mtu anaimaliza kwa dakika 20 na kurudi kwake kunywa chai. Hakuna anayetuomba tujenge uwanja wa taifa.

Kwa nini ndani ya miti?

Aliyewahi kusubiri daladala saa nane mchana mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa. Mti unakinga jua, na majani yake yanatoa mvuke unaopoza hewa. Lami inafanya kinyume, kwani inashika joto na kulirudisha miguuni. Kwa mwili wa mzee, ambao hauhimili joto kama wa kijana na unachelewa kusikia kiu, kivuli ndicho kinachoamua kama atatembea au atabaki ndani. Wajapani walilipa jambo hili jina mwaka 1982, idara yao ya misitu ilipoanza kuwahimiza watu waende kile walichokiita kuoga msitu: unaingia kwenye miti, unatembea polepole, unasikiliza, unatoka. Sisi tumekirithi kitu hicho bure, pamoja na ndege wake na tumbili wake wanaoiba maandazi.

Lakini miti peke yake haitoshi. Twende kwenye njia zenyewe.

Kwa sasa mtembeaji ana chaguzi mbili. Ya kwanza ni barabara ya lami, anayogawana na magari, bajaji na bodaboda. Ya pili ni njia zetu za mkato. Hizo tumezichonga wenyewe kwa miguu, kizazi baada ya kizazi, na ukiziangalia vizuri unaona tabia ya waliozichonga. Njia ya mkato ya Mlimani imechorwa na mtu wa miaka 20 anayechelewa kipindi cha saa moja Yombo. Inapanda kilima moja kwa moja bila kuzunguka. Inaruka mfereji. Inakanyaga mizizi kama ngazi. Masika ikifika, maji nayo yanaipenda njia hiyo hiyo kwa sababu imenyooka, yanaichimba, na Juni inabaki korongo dogo. Kwetu ni kuruka tu. Kwa mtu mwenye fimbo ni ukuta.

Njia ya mzee inachorwa kwa akili nyingine. Inafuata ubavu wa kilima badala ya kukipanda uso kwa uso. Kipimo kinachotumika sana duniani ni mwinuko usiozidi moja kwa ishirini: ukitembea mita 20 umepanda mita moja. Ardhi ikilazimisha mwinuko mkali zaidi, moja kwa kumi na mbili ndiyo mwisho, na hapo lazima kuwe na mahali pa kushika na sehemu tambarare ya kupumzikia kila baada ya mita tisa hivi. Upana uwe mita moja na nusu ili wawili watembee bega kwa bega, maana wazee hawatembei tu, wanazungumza. Chini iwe changarawe iliyoshindiliwa, isiwe mchanga unaozama wala vigae vinavyoteleza. Mfereji wa maji uwe upande wa juu wa njia. Majani yafyekwe pembeni kiasi cha hatua moja kila upande ili nyoka aonekane mapema, naye aone mapema kwamba watu wanakuja.

Na vimbweta! Chuo gani kinaijua thamani ya kimbweta kuliko hiki? Tunavipigania wakati wa mitihani kama mali ya urithi. Kimbweta kila baada ya mita 100, chenye mahali pa kuegemea na pa kushikia wakati wa kunyanyuka, kinaweza kuwa tofauti kati ya mzee anayethubutu na anayeghairi. Asiyejua atapumzika wapi haanzi safari. Kwa sababu hiyo hiyo panahitajika vibao vya maandishi makubwa vinavyosema ukweli: mita ngapi zimebaki, mwinuko upo wapi, choo kipo wapi. Habari ya choo msiicheke. Muulize mzee yeyote wa miaka 70 mambo matatu anayoyafikiria kabla ya kutoka nyumbani, na choo kitakuwemo.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana nimeshaanza kuzisikia vimbwetani.

La kwanza ni lile la bumu na vyumba. Ni kweli, madai yetu ni ya haki na yaendelee. Lakini serikali ya wanafunzi inayojua kudai tu, isiyowahi kupendekeza kitu kinachomfaa mtu asiye mwanafunzi, inachoka kusikilizwa. Tukipeleka mezani mchoro wa njia uliopimwa, wenye gharama na wenye majina ya watu wa kujitolea, tunaingia ofisi zile zile kama watu wenye la kutoa. Zaidi ya hapo, njia hizi tutazitumia sisi kwanza. Wapo wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu, magongo au fimbo nyeupe, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika mahali wanapofika wengine. Yupo dada mjamzito wa mwaka wa tatu. Yupo mshambuliaji wa timu ya kitivo aliyeteguka kifundo cha mguu. Njia inayompitisha babu inawapitisha wote hao. Ile ya mkato imewaacha nje.

La pili ni usalama. Miti mingi, watu wachache, vibaka wanakuja. Hofu hii ni halali na isipuuzwe, hasa kwa dada zetu. Ila tutazame Nairobi. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uliokolewa na watu waliokuwa tayari kupigwa kwa ajili yake. Mwaka 1999 Wangari Maathai, aliyewahi kufundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye, mwaka 2004, kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, alijeruhiwa pale akipinga ardhi ya msitu kugawiwa kwa wajenzi. Hata baada ya kuokolewa, msitu ule kwa miaka mingi uliogopwa kwa sababu ya wahalifu. Uzio, walinzi, njia pana zenye makutano yaliyowekewa namba, na zaidi ya yote watu wengi wanaotembea kila siku, vikaugeuza. Leo familia zinaingia na watoto, na wazee wamo. Kibaka anapenda mahali pasipo na macho. Wazee kumi wanaopita kila asubuhi ni macho ishirini, na kwa jinsi ninavyowajua wazee wetu, hakuna kitakachowapita bila kuulizwa kinatoka wapi na ni mtoto wa nani.

Kwa kuanzia, njia zichaguliwe karibu na majengo na barabara, watembeaji waonekane, na zitumike mchana tu: asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, jioni kuanzia saa kumi hadi kabla ya Magharibi. Nguzo mbili mlangoni zenye nafasi ya sentimita 90 zitapitisha kiti cha magurudumu na kuwafanya bodaboda wafikirie mara mbili.

La tatu linatoka kwa wapenzi wa mazingira: mkitengeneza njia mtakata miti. Nawaheshimu, ila naona mambo kinyume. Miti inayokatwa kimyakimya katika jiji hili ni ile isiyo na mtu wa kuilalamikia. Eneo likionekana kama pori tupu, siku moja mtu atakuja na ramani ya jengo, na hakuna atakayeuliza. Eneo lenye njia, vibao vya majina ya miti na wazee wanaokaa chini ya mwembe fulani kila Alhamisi lina wenyewe. Ukitaka kuukata mwembe ule utakutana nao. Na mizizi tuiheshimu: njia izunguke shina, isilipite juu, na palipo na vichaka vya asili tusiguse kabisa. Tunayo mikato mingi ya kutosha. Kazi kubwa ni kunyoosha chache na kuzifunga nyingine zipone.

La nne ni fedha. Hapa ndipo nawashangaa wanaodhani chuo kikuu hakina kitu. Tuna wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta miradi ya mwisho wa mwaka: wapime mwinuko, wachore mifereji. Tuna wanafunzi wa botania wanaokariri majina ya miti usiku kucha: wayaandike kwenye vibao. Tuna wa elimu ya viungo: wawafundishe wazee namna ya kusimama kwa mguu mmoja huku wameshika kimbweta, zoezi dogo linalojenga uwiano. Tuna wa sosholojia: kabla ya koleo la kwanza kuingia ardhini, wakae na wazee wenyewe na kuwauliza wanapita wapi sasa, wanaogopa nini, wanataka kufika wapi. Na kwa kuwa TATAKI ipo hapa hapa, vibao viandikwe kwa Kiswahili safi ambacho bibi kutoka Lushoto atakisoma bila mkalimani. Kitakachohitaji fedha ni changarawe, saruji na vyuma vya kushikia. Kwa njia moja ya majaribio, hicho ni kiasi ambacho wahitimu wakiombwa kwa adabu wanaweza kukichangia, hasa wakiambiwa kwamba wa kwanza kuitumia ni wao.

Lipo jambo la mwisho, nalo halipimwi kwa mita.

Tumekuja hapa tukitokea nyumba zenye wazee. Kisha kwa miaka mitatu au minne tunaishi mahali ambapo karibu kila unayemgusa bega ana umri wako. Tunakula na wenzetu, tunadesa na wenzetu, tunapeana ushauri wa mapenzi na maisha na wenzetu ambao nao hawajui kitu. Shikamoo inabaki ya mlinzi wa getini na ya ofisini. Halafu tunashangaa mbona tunamaliza chuo na karatasi mkononi bila kuwa na hata mzee mmoja wa kumpigia simu na kumuuliza: hapa nifanyeje?

Wazee wanaotembea hapa asubuhi wamewahi kuwa mahakimu, wauguzi, madereva, walimu wa shule za kijijini, wahandisi wa miradi iliyofaulu na iliyokufa. Jungu kuu halikosi ukoko. Mtu hapati ukoko huo kwa kumpita mzee mbio kwenye lami akipisha bodaboda. Anaupata pale ambapo mzee ameketi, amepumua, ana dakika kumi za ziada, na wewe una kipindi saa nne. Anakuuliza unasoma nini. Unamjibu. Anakwambia enzi zao ilikuwaje, na katikati ya hadithi linatoka jambo ambalo hakuna desa litakaloliandika.

Kwa hiyo, wana-Mlimani, ninaomba mambo matatu. Wagombea wa uongozi watakaokuja vyumbani kwetu kuomba kura waulizwe hili waziwazi: mtatupa njia moja ya majaribio, kilomita moja, kabla ya muhula wa pili kwisha? Ndiyo au hapana. Pili, vitivo vinavyohusika vipelekewe barua mapema, ili miradi ya mwaka wa mwisho ipangwe kabla watu hawajachagua mada za kunakili. Tatu, Jumamosi moja ya mwezi itengwe kwa kufyeka, kushindilia na kuzibua mifereji, na kila bweni lilete watu kumi na jembe.

Mimi najiandikisha wa kwanza katika orodha ya bweni letu. Nafasi tisa zimebaki.